Nusu kaputi, kuamka, na zile siku za baada: daktari wa usingizi anafanya kazi gani hasa?

Ikisikika tu kwamba fulani kesho anafanyiwa operesheni, swali la kwanza linalozunguka kwa ndugu na marafiki huwa siyo nani anampasua, ni "watampiga nusu kaputi?" na la pili, lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, ni "sasa akilala ataamka kweli?" Alafu siku yenyewe ikifika, akishafungua macho tu na kuomba maji, simu zinapigwa kila kona kwamba yameisha, ametoka salama. Mimi leo nataka niivuruge kidogo hiyo furaha, siyo kwa ubaya, ni kwa sababu naona hofu yetu tumeiweka mahali ambapo siyo penyewe. Pale tunapopaogopa sana ndo pale ambapo kuna mtu amesimama kichwani kwa mgonjwa hambanduki, na pale tunaposhangilia kwamba yameisha ndo hatari kubwa zaidi huwa inaanza kujikusanya polepole.

Tuanze na majina kwanza maana hapo ndo watu wanachanganya. Nusu kaputi ni usingizi kamili, mtu anapoteza fahamu kabisa, na kusema ukweli hilo neno lenyewe limekaa vibaya, ukisikia "nusu" lazima ujiulize hiyo nusu nyingine imeenda wapi. Ganzi ni kuua hisia sehemu moja tu, kama pale unapong'olewa jino, mdomo unakuwa mzito lakini wewe upo macho unasikia kila kinachoendelea. Katikati ya hayo mawili kuna sindano ya mgongo, dawa inawekwa karibu na mishipa ya fahamu inayotoka kwenye uti wa mgongo na kuanzia tumboni kwenda chini husikii maumivu, ndo ile akina mama wengi wanayochomwa wakijifungua kwa upasuaji. Fikiria umeme wa nyumbani: ganzi umezima taa moja, sindano ya mgongo umezima vyumba vya chini vyote, nusu kaputi umeshusha ile swichi kubwa pale kwenye mita.

Sasa tunaita usingizi lakini siyo usingizi. Mtu aliyelala usingizi wa kawaida ukimfinya anaamka, ukimwita jina lake anageuka, hata mtoto akilia chumba cha pili mama anashtuka. Aliyepewa nusu kaputi unaweza kumfungua tumbo na hatageuka. Anachofanyiwa ni kitu cha kutengenezwa na kimeunganishwa kwa vipande, yaani dawa moja ya kumtoa fahamu, nyingine ya kuzuia maumivu, nyingine ya kulegeza misuli ili mpasuaji aweze kufanya kazi bila tumbo kukaza, na katikati ya hizo kumbukumbu nayo inafutwa. Dawa maarufu ya kumpeleka mtu ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa, inafanya kazi ndani ya muda usiozidi dakika moja, na shida yake ni kwamba inapokutoa fahamu inaweza pia kukusimamisha pumzi na kushusha presha. Ndo maana haitakiwi kuguswa na mtu asiyejua kushika njia ya hewa. Michael Jackson mwaka 2009 alikufa baada ya kupewa dawa hiyohiyo nyumbani kwake, dawa ambayo kila siku duniani wanapewa watu wengi mno na wanaamka wakauliza chai iko wapi. Dawa ni ileile, tofauti ni nani amekaa pembeni na ana vifaa gani.

Huyo aliyekaa pembeni ndo daktari wa usingizi, na hapa kuna dhana nyingine ya kuitoa, kwamba kazi yake ni kuchoma sindano akaondoka akanywe kahawa. Hapana. Kuchoma ni dakika chache, kazi yenyewe ni yale masaa yanayofuata ambapo yeye ndo anakupumulia kwa mashine, anaangalia mapigo, presha, oksijeni kwenye damu, hewa chafu unayotoa, joto la mwili, mkojo, damu iliyomwagika, na anarekebisha dawa juu chini muda wote. Kwa kifupi mpasuaji anashughulika na ugonjwa, huyu anashughulika na kukuweka hai wakati ugonjwa unashughulikiwa. (Sehemu nyingi kazi hii inafanywa na wauguzi na maafisa tabibu waliosomea usingizi, siyo madaktari bingwa, ila kazi ni hiyohiyo na ugumu ni uleule.)

Haikuwa hivi zamani. Tarehe 16 Oktoba 1846 pale Massachusetts General Hospital, Boston, daktari wa meno William Morton alimvutisha mgonjwa etha na John Collins Warren akamkata uvimbe shingoni bila yule mtu kupiga kelele, na watu wengi wanaihesabu hiyo ndo siku upasuaji usio na maumivu ulipotangazwa kwa ulimwengu. Lakini Crawford Long huko Georgia alishaitumia etha mwaka 1842 akakaa kimya bila kuandika mpaka miaka ikapita, na Hanaoka Seishū kule Japani mwaka 1804 alishamlaza mgonjwa kwa dawa ya mitishamba akamtoa saratani ya titi. Kipindi kile kumwangalia mgonjwa maana yake ni kushika mkono wake usikie mapigo na kuangalia midomo kama inageuka bluu. Kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, ambacho watu wengi walikijua wakati wa korona, wazo lake lilitoka kwa mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970, na kabla ya hapo oksijeni ikishuka ulikuwa unajua umechelewa. Ndo maana wanakwambia utoe rangi ya kucha, siyo kukunyima urembo, hicho kifaa kinapitisha mwanga kidoleni na rangi nzito inaweza kukivuruga.

Kwahiyo turudi kwenye lile swali la sauti ya chini. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, kwenye hospitali yenye vifaa na watu waliosomea, kifo kinachotokana na dawa za usingizi zenyewe kinakadiriwa kuwa karibu mtu 1 kwa kila 100,000. Na lile jinamizi lingine la kuamka katikati ya operesheni ukiwa umelegezwa huwezi kusema? Lipo, siwezi kukudanganya, ila ni adimu. Uingereza na Ireland walikusanya taarifa za nchi nzima, ripoti yao ikatoka 2014, wakakuta mgonjwa karibu 1 kati ya 19,000 waliopewa usingizi kamili ndo aliyekuja kusema mwenyewe kwamba anakumbuka kitu, na wengi wao ilikuwa ni mwanzoni wakati wa kulazwa au mwishoni wakati wa kuamshwa, siyo katikati ya kisu. Hatari inapanda kwa wanaopewa dawa ya kulegeza misuli na kwa mama anayejifungua kwa upasuaji wa dharura chini ya nusu kaputi. Kama imeshawahi kukutokea, mwambie daktari kabla hujalala tena, hiyo siyo habari ya kuona aibu.

Sasa tufike kwenye kiini. Kama usingizi umekuwa salama hivyo, wanaokufa wanakufa lini?

Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kwenye jarida la The Lancet, kiongozi wake Bruce Biccard, daktari wa usingizi na wakati huo profesa wa University of Cape Town, na huyu ni mfano mzuri wa hawa madaktari wa usingizi wa vyuo vikuu ambao watu hawajui hata kama wapo. Walihesabu wagonjwa 11,422 waliolazwa na kupasuliwa kwenye hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao kwa wastani walikuwa vijana kuliko wa nchi tajiri na hawakuwa na magonjwa mengi, lakini waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia. Na hapa ndo nataka usome polepole: kati ya vifo 239, vifo 225 vilitokea baada ya siku ya operesheni. Siyo mezani, siyo wakati wa kulala wala wa kuamka, ni siku zilizofuata, mtu yuko wodini, ndugu wameshapiga zile simu za furaha.

Kwanini iwe hivyo? Inabidi uelewe mwili unavyoona upasuaji. Mwili haujui tofauti kati ya kisu cha daktari na meno ya chui, kwake vyote ni "tumeraruliwa". Akili imezimwa haijui, lakini huku chini kengele zote zinalia, homoni za dharura zinamwagika, sukari inapanda hata kwa asiye na kisukari, moyo unakimbia, damu inakuwa rahisi kuganda maana mwili unajua kuna mahali panavuja, chumvi na maji vinashikiliwa, na mwili unaanza kuvunja misuli yake wenyewe ili upate cha kujengea kidonda. Hizo kengele hazizimwi na mtu kuamka. Zinaendelea kulia siku kadhaa. Ndo katika siku hizo figo inaweza kugoma, moyo uliokuwa unajikongoja unashindwa, makohozi yanajaa kwenye mapafu kwa sababu mtu anaogopa kukohoa kidonda kisiume, damu inaganda mguuni alafu kipande kinapanda mpaka kwenye mapafu, kidonda kinaingia vijidudu. Yote hayo yanaanza kwa dalili ndogo ndogo, pumzi kuongezeka kidogo, mapigo kwenda mbio, mkojo kupungua, na usiku wodini muuguzi mmoja ana wagonjwa wengi, dalili ndogo nani ataiona.

Basi hapo ndo taaluma hii ikabadilika. Wakagundua kwamba kumlaza na kumwamsha mtu wameshaiweza, kilichobaki ni safari nzima, kuanzia siku anapoambiwa anahitaji operesheni mpaka anaporudi kwenye shughuli zake. Nasema wakagundua lakini dalili zilikuwepo zamani, yule Virginia Apgar wa New York, ambaye jina lake linatajwa kila mtoto akizaliwa akapewa alama kati ya 0 na 10, alikuwa daktari wa usingizi, mwaka 1952 ndo alizitoa zile alama kwa sababu aliona watu wako bize na mama na mtoto hakuna anayemtazama vizuri.

Kabla ya operesheni

Hii sehemu ndo wagonjwa wengi wanaichukulia kama usumbufu. Unaenda kliniki ya usingizi unaulizwa unaweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kuhema, unajiuliza hizo ngazi zinahusiana nini na uvimbe wangu. Zinahusiana sana. Operesheni kubwa ni kama mbio ndefu unayokimbia ukiwa umelala kitandani, mwili unahitaji oksijeni zaidi kwa siku kadhaa, na moyo na mapafu ambayo hayawezi ngazi yatapata tabu kwenye mbio hiyo. Na kama ni mbio basi inawezekana kufanya mazoezi kabla, kutembea kila siku kwa wiki kadhaa, kula vizuri hasa vyakula vya kujenga mwili, kupima damu na kama imepungua kutibiwa kwanza badala ya kusubiri kuongezewa chupa siku ya siku. Sukari na presha viwe vimetulia. Sigara, ukiacha hata siku moja kabla ile hewa ya sumu ya moshi kwenye damu inapungua, ila mapafu yenyewe na kidonda vinataka wiki nne na kuendelea. Kuna watu wanasema ukiacha ghafla karibu na operesheni inakuwa mbaya zaidi, hilo halijathibitishwa, acha tu.

Na tafadhali usimdanganye huyu mtu. Pombe, bangi, dawa za kienyeji, vidonge vya kulala, jino linalotikisika, ndugu aliyewahi kupata shida na nusu kaputi, mwambie vyote, yeye siyo polisi, hizo habari zinabadilisha aina ya dawa na kiasi chake.

Alafu kufunga. Hakuna sharti linaloeleweka vibaya kama hili, watu wanadhani ni ili usichafue chumba au ili dawa ikolee. Sababu ni koo. Ukiwa macho kuna mlango pale kooni unaofunga njia ya hewa kila unapomeza, na ukilazwa huyo mlinzi naye analala, kwahiyo chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuteremkia mapafuni na ile asidi ya tumbo inaunguza. Curtis Mendelson wa New York mwaka 1946 aliandika kuhusu uzazi 44,016 na akakuta akina mama 66 waliopatwa na hiyo, na tangu hapo sheria ya kukaa na njaa ikashika mizizi, tena ikapitiliza mpaka watu wanaambiwa hata maji marufuku toka saa sita usiku wakati zamu yao ni saa nane mchana. Mwongozo uliozoeleka sasa kwa mtu mzima ambaye siyo dharura ni masaa sita kwa chakula chepesi, nane au zaidi kwa chakula kizito cha mafuta, na masaa mawili tu kwa maji matupu au vinywaji unavyoweza kuona upande wa pili wa glasi. Chai ya maziwa haimo humo, maziwa yanahesabiwa kama chakula. Mtoto anayenyonya ni masaa manne. Ila hospitali yako ikikwambia tofauti fuata ya kwao, maana kuna wenye tumbo linalochelewa kusaga, wenye kisukari cha muda mrefu kwa mfano, au wanaotumia zile sindano mpya za kupunguza uzito.

Siku ya kisu na baada yake

Miaka ya 1990 kule Denmark kulikuwa na mpasuaji anaitwa Henrik Kehlet, alikaa akauliza swali ambalo kwa kweli lingetakiwa kuulizwa mapema: huyu mgonjwa tuliyempasua utumbo leo yupo wodini siku kumi, hivi anafanya nini hapa? Nini hasa kinamzuia kwenda nyumbani? Akaanza kuorodhesha, ni maumivu, ni kutapika, ni utumbo uliogoma, ni mipira tuliyomwekea, ni dripu, na vingine ni mazoea yetu tu tuliyorithi bila kuyapima. Akaanza kutoa kimoja kimoja, na siku za kulala wodini zikapungua sana. Kutoka hapo ikazaliwa ile mipango ya kupona haraka ambayo sasa imesambaa, na ndani yake daktari wa usingizi ana kazi kuliko mpasuaji, maana vitu vingi vipo upande wake.

Kwa mfano mpira wa puani ulikuwa unawekwa karibu kwa kila aliyepasuliwa tumbo, sasa unawekwa ukihitajika tu. Mpira wa mkojo unatolewa mapema. Mgonjwa anapashwa joto mezani kwa sababu mwaka 1996 utafiti uliofanywa na kundi la Andrea Kurz na Daniel Sessler ulionyesha kwamba waliopasuliwa utumbo wakaachwa wapoe digrii mbili hivi walipata vidonda vyenye usaha mara tatu ya waliopashwa joto, digrii mbili tu! Dawa za kuzuia kutapika zinatolewa kabla mtu hajatapika, na kuna alama rahisi za kujua nani atatapika: mwanamke, asiyevuta sigara (ndio, umesoma vizuri, hapo wavutaji wana nafuu, lakini ni hapo tu), anayetapika kwenye gari, na atakayehitaji dawa kali za maumivu za jamii ya mofini.

Halafu kuna lile swali la wodini ambalo limewahi kumwaibisha kila mtu: "umeshajamba?" Zamani hukuruhusiwa kula mpaka ujambe, wakiamini utumbo lazima uamke ndo upewe kazi. Sasa inajulikana kwa operesheni nyingi kwamba kula kidogo mapema kunausaidia utumbo kuamka, na hata kutafuna bigijii kunaweza kusaidia maana unaudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja. Bado watauliza kuhusu kujamba, ni taarifa muhimu, ila haitakiwi kuwa tiketi ya uji.

Na kutembea. Hapa ndugu ndo wanaharibu, kwa upendo kabisa. "Muacheni apumzike, atafumuka nyuzi." Nyuzi hazifumuki kwa mtu kukaa kwenye kiti na kutembea mpaka chooni, zimeshonwa tabaka juu ya tabaka. Kinachofumuka kwa kulala ni vitu vingine: mapafu yanasinyaa kwa chini, damu inatuama miguuni, misuli inayeyuka. Kama daktari hajakataza, mgonjwa akae, asimame, apige hatua chache siku ileile au kesho yake, akikohoa ashikilie mto tumboni.

Lakini ili atembee lazima asiumwe sana, na hapa kuna msemo kwamba maumivu ndo kupona, vumilia. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayeumwa hapumui kwa kina, hakohoi, hatembei, halali. Mbinu ya siku hizi siyo kumjaza mofini, ni kuchanganya silaha ndogo ndogo, parasetamoli kwa saa maalumu na siyo mpaka uombe, dawa za kupunguza uvimbe kama figo na tumbo vinaruhusu, ganzi inayowekwa kwenye mishipa ya eneo lile kwa kuangalia kwenye mashine ya altrasaundi, na mofini inabaki kwa yale makali. Inapunguzwa siyo kwa sababu utakuwa teja kwa siku mbili, ni kwa sababu inaleta kichefuchefu, inafunga choo, inapunguza pumzi, na vidonge vinavyobaki kabatini vinaanza kutumiwa na watu ambao hawakuandikiwa.

Utasema basi mipango hiyo imeshamaliza kila kitu. Haijamaliza, na ndo hapa umuhimu wa hawa watafiti unapoonekana, maana wanapima hata imani zao wenyewe. Kwenye kupona haraka ilikuwa inaaminika kwamba maji mengi ya dripu yanavimbisha utumbo, kwahiyo ubane maji. Paul Myles, daktari wa usingizi na profesa wa Melbourne, na wenzake wakachukua wagonjwa karibu 3,000 wa upasuaji mkubwa wa tumbo, nusu wakabaniwa maji, nusu wakapewa kwa ukarimu kidogo. Matokeo ya 2018: kubana hakukuongeza kupona, na figo zilizoumia zilikuwa asilimia 8.6 kwa waliobaniwa dhidi ya 5.0 kwa wenzao. Biccard naye na wenzake walijaribu baadaye dawa ya lile tatizo la vifo vya wodini, wakachagua wagonjwa wa hatari kubwa wafuatiliwe kwa ukaribu zaidi, na vifo havikupungua. Kuandika kwenye faili kwamba huyu aangaliwe zaidi ni rahisi, ila mtu wa kuangalia ni yuleyule mmoja wa usiku.

Kitu kilichoonekana kusaidia ni cha kushangaza kwa urahisi wake, karatasi. Ule utaratibu wa maswali wa WHO wa mwaka 2008, huyu ni nani, tunapasua nini na upande gani, ana mzio, antibayotiki amepewa, damu ipo, ulijaribiwa kwenye hospitali za miji minane ikiwemo London, New Delhi, Toronto na Ifakara, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwahiyo ukiulizwa jina lako mara ya tano usikasirike.

Yale yanayosemwa sana

"Sindano ya mgongo imeniharibu mgongo." Nimesikia hili mara nyingi na siwezi kumwambia mtu haumwi wakati anaumwa. Pale palipochomwa panaweza kuuma siku kadhaa. Lakini maumivu ya mgongo ya miezi na miaka, tafiti zilizolinganisha waliochomwa na wasiochomwa hazionyeshi kwamba sindano ndo chanzo, mimba yenyewe inavuta uti wa mgongo, mishipa inalegea, alafu kuna kumbeba mtoto na kunyonyesha umejikunja. Kinachotokana kweli na sindano ni kile kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, kinatokea kwa wachache, kinatibika, kiseme mapema.

"Sindano ya mgongo ni salama kuliko nusu kaputi." Kwa mama mjamzito anayepasuliwa, mara nyingi ndiyo inayopendelewa. Kwa wengine inategemea. Marekani na Kanada walilinganisha wazee 1,600 waliovunjika nyonga, matokeo yakatoka 2021, na siku 60 baadaye hakukuwa na tofauti ya maana kwenye kutembea wala vifo, hata kuchanganyikiwa baada ya operesheni kulikuwa sawasawa. Huko kuchanganyikiwa kwa wazee kupo kweli, babu anaweza kuamka haeleweki anataja watu waliokufa, siyo kurogwa, mara nyingi kunapita, na kinachomsaidia ni miwani yake, kifaa chake cha masikio, sura anayoijua pembeni, mwanga mchana na giza usiku.

"Itampunguza mtoto akili." Watoto wachanga 722 wa nchi saba, wote wa operesheni ya ngiri, walifuatiliwa mpaka umri wa miaka mitano, waliopewa usingizi mfupi chini ya saa moja hivi hawakuwa na tofauti ya akili na waliopewa ganzi wakiwa macho. Kwa operesheni ndefu za zaidi ya masaa matatu au za kurudiarudia chini ya miaka mitatu bado madaktari wanakuwa waangalifu, na kama inaweza kusubiri inasubirishwa.

"Nitaropoka siri." Utaongea vitu vya hovyo ukiwa unaamka labda, lakini hakuna anayesikiliza, wanakuangalia unavyopumua.

Sasa umefika nyumbani, na huku ndo hakuna mashine wala mtu wa kichwani. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ile nyama ya nyuma chini ya goti, pumzi ikikata au kifua kikachoma, homa, kidonda kikitoa usaha au kikazidi kuwa chekundu, kutapika kusikoisha, mkojo kupotea, hayo siyo ya kusubiri siku ya kliniki. Masaa 24 ya kwanza usiendeshe gari wala usisaini kitu chochote cha maana, unajiona upo sawa lakini kichwa bado.

Na siku moja unaweza kupigiwa simu na mtu wa utafiti au muuguzi akuulize maswali kama 15, yapo kabisa kwenye dodoso ambalo Myles na wenzake walilitoa 2013 kupima kupona kwa macho ya mgonjwa mwenyewe, siyo ya mpasuaji. Unapumua vizuri? Chakula kina ladha? Umelala? Umeweza kuoga na kwenda chooni mwenyewe? Una wasiwasi, una huzuni? Kila swali ni alama kutoka 0 mpaka 10. Watu wengi wanajibu "naendelea vizuri tu" kuanzia la kwanza mpaka la mwisho, hata aliyelala macho usiku kucha kwa maumivu. Ukiulizwa kuhusu usingizi na ulilala masaa mawili, sema masaa mawili.